Mizinga Mipya Tunaitaka, Bei Yake Isiwe Siri ya Taifa



Bunge la bajeti linaendelea hapa Dodoma, na kama ilivyo ada kuna wizara moja ambayo siku yake huwa haina makelele. Ni Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Waziri anasoma, wabunge wanapongeza, meza zinagongwa, fungu linapita. Kwa mwaka wa fedha 2024/25 fungu hilo lilizidi shilingi trilioni 3. Jaribu kuwauliza wabunge wenyewe, nje ya ukumbi, ni kiasi gani kati ya hizo kilinunua silaha, kutoka kwa nani, kwa bei gani. Utaambiwa hayo ni mambo ya usalama wa taifa, ndugu yangu, yaache.

Mimi ni kijana wa Kikuyu, hapa hapa mjini, mwendo wa bodaboda tu hadi Bungeni. Huku kwetu mambo hayo hayajaachwa. Kijiweni wanayajadili kuliko ukumbini. Siku hizi mada ni mizinga: Wakenya wana mizinga iliyofungwa juu ya malori, inapiga na kuondoka, Waganda wanayo, Wanyarwanda wanayo, sisi je? Wengine wanasema tununue hata kesho. Wengine wanasema hela ya mzinga ijenge zahanati. Nataka niseme msimamo wangu, maana naona pande zote mbili zinakwepa swali lenyewe.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Mzinga wa zamani, wa aina tuliyozoea kuiona ikikokotwa kwenye magwaride, unavutwa na lori. Ukifika unafunguliwa, miguu inatandazwa, askari wanaupanga, wanapiga. Kuuondoa ni kazi ile ile kinyumenyume. Mzinga wa Kirusi wa D-30, wa milimita 122, ambao majeshi mengi ya Afrika wanao, unafikisha kombora la kawaida kilomita 15 na ushei. Mzinga unaojiendesha ni mwingine kabisa. Umefungwa juu ya gari lenyewe, la matairi au la minyororo kama kifaru. Unasimama, unapiga makombora kadhaa, na ndani ya dakika chache umeshahama. Nora B-52, ambao Kenya iliununua Serbia, una mdomo wa milimita 155 na kwa kombora maalumu unafika kilomita 40. Uganda na Rwanda wana ATMOS kutoka Israel, nao ni wa milimita 155.

Kuhama haraka si mbwembwe. Siku hizi adui ana rada inayosoma njia ya kombora lako angani na kumwonyesha lilikotoka, na ana droni juu ya kichwa chako. Ukipiga ukabaki hapo hapo, jibu linakukuta umekaa. Vita vya Ukraine vimeliweka hilo wazi kwa kila mwenye macho.

Kwa hiyo nisieleweke vibaya. Simo katika kundi linalosema jeshi halihitaji silaha za kisasa. Aprili 2024 askari wetu watatu waliuawa mashariki mwa Kongo baada ya kombora la mota kuangukia karibu na kambi yao. Januari 2025, M23 walipokuwa wanaiteka Goma, tukapoteza wengine wawili katika mashambulizi ya Sake na Goma. Hao ni watoto wa watu, wenzetu tuliosoma nao shule za kata. Mtu anayemtuma mwenzake mbele ya makombora halafu anaona ubahili kumpa silaha ya kujibu, huyo si mzalendo. Tena nchi hii inajua mizinga ni nini. Mwaka 1979 majeshi yetu yalipovuka kuingia Uganda, makombora ya BM-21 yalitangulia mbele, na Waganda wakayapa jina la Saba Saba. Wazee wa kule wanalikumbuka hadi leo.

Lakini vita ile ile ina somo jingine ambalo wakubwa hawapendi kulikumbuka. Novemba 1978 Mwalimu alipotangaza kwamba tutapigana na Amin, aliwaambia wananchi mambo matatu: uwezo, sababu na nia. Na vita ilipokwisha akawaambia gharama yake bila kuzunguka, kwamba itabidi wafunge mikanda miezi 18. Mikanda ilifungwa zaidi ya hapo, wazazi wetu wanajua. Hata hivyo, mwananchi aliambiwa kwa nini, na akaambiwa kwamba atalipa. Leo tunalipa bila kuambiwa sababu wala uwezo. Tumebakiziwa nia tu, na nia yenyewe ni ya kwao.

Tuangalie uwezo basi. Mwaka 2022 Poland ilisaini mkataba na Korea Kusini wa mizinga 212 ya K9, inayojiendesha, kwa dola bilioni 2.4, na bei ikatangazwa mchana kweupe. Gawanya: zaidi ya dola milioni 11 kwa mzinga, humo yakiwemo mafunzo na makombora. Kwa dola ya shilingi 2,600 ni karibu bilioni 29. Shule mpya ya sekondari ya kata kupitia mradi wa SEQUIP inajengwa kwa takribani milioni 600. Mzinga mmoja ni shule zaidi ya 40. Mizinga sita, yaani kikundi kidogo tu, ni shule zaidi ya 200. Sisemi tuchague shule tuache mzinga. Nasema kitu cha bei hiyo hakiwezi kupita Bungeni kwa kugonga meza.

Na hapo bado hujanunua cha kupiga. Oktoba 2023 Admirali Rob Bauer, aliyekuwa anaongoza Kamati ya Kijeshi ya NATO, alisema kombora moja la milimita 155 limepanda kutoka euro 2,000 hadi 8,000 kwa sababu ya vita vya Ukraine. Euro 8,000 ni zaidi ya shilingi milioni 20. Kila mlio mmoja ni bodaboda mpya tano au sita zimeondoka. Halafu askari haruki tu kwenye mzinga mpya akaujua. Lazima apige makombora ya mazoezi, mengi, kila mwaka. Nchi inayonunua mizinga bila kupanga bajeti ya makombora ya mazoezi imenunua mapambo ya gwaride.

Sasa tufike penye shughuli. Ukiuliza bei unaambiwa ni siri ya jeshi. Hivi siri hiyo anafichwa nani?

Adui hafichwi. Muuzaji wa silaha anatangaza mauzo yake mwenyewe kwenye maonyesho ili apate wateja wengine. Taasisi ya SIPRI ya Sweden inaweka kwenye mtandao nani kamuuzia nani mizinga mingapi. Umoja wa Mataifa una daftari la silaha kubwa tangu miaka ya mwanzo ya 1990, na tangu 2003 linahesabu mizinga yote kuanzia milimita 75. Nchi inayouza ikiripoti, imeripoti na ya mnunuzi. Na mzinga wenyewe ukifika, siku ya sikukuu unapitishwa uwanjani mbele ya mabalozi wote. Jasusi anayeshindwa kuuhesabu hapo atafute kazi nyingine. Anayebaki gizani ni mmoja tu, yule aliyekatwa kodi kwenye muamala wa simu ili ununuliwe.

Siri halali zipo, na mimi nitazilinda. Mizinga imewekwa wapi, makombora yamebaki mangapi, itapelekwa mpaka upi na lini, mawasiliano yake yanasomwaje: hayo hata mbunge hana haja ya kuyatangaza. Lakini bei, muuzaji, dalali na masharti ya mkopo havimsaidii adui kulenga shabaha. Vinamsaidia mwananchi kumwona mpigaji. Usiri wa bei haujawahi kumlinda askari yeyote. Unamlinda mtu wa kati.

Hili silitungi, tunalo somo letu wenyewe. Rada. Serikali ilinunua rada kwa kampuni ya BAE Systems ya Uingereza kwa pauni milioni 28. Benki ya Dunia ilisema ni ghali mno. Clare Short, waziri wa maendeleo ya kimataifa wa Uingereza, aliipinga ndani ya baraza lake la mawaziri, lakini leseni ikatolewa Desemba 2001. Hapa kwetu mjadala ulikuwa nong'onong'ono. Desemba 2010 kampuni hiyo ikakiri katika mahakama ya London kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za malipo yaliyofanywa kwa mshauri wake wa biashara hapa Tanzania. Ikapigwa faini ya pauni 500,000, na ikakubali kulipa pauni milioni 29.5 kwa Watanzania. Ndiyo ile tuliyoibatiza chenji ya rada, ikanunua vitabu na madawati.

Tafakari hapo kidogo. Fedha iliyorudi imezidi bei tuliyoambiwa. Na haikurudishwa na Bunge letu, wala TAKUKURU yetu, wala mahakama yetu. Ilirudishwa na waandishi wa habari na wapelelezi wa nchi iliyotuuzia. Wao walikuwa na haki ya kuuliza, sisi tukaambiwa ni usalama wa taifa.

Neno hilo hilo likatumika kwa Meremeta. Wabunge wa upinzani walipotaka maelezo ya fedha za kampuni ile ya dhahabu, mwaka 2008 Waziri Mkuu Mizengo Pinda akawaambia ni suala linalogusa jeshi, hataweza kulieleza. Mjadala ukaishia hapo. Wakati ule angalau kulikuwa na upinzani wa kuuliza. Tangu 2020 hatuna hata Waziri Kivuli wa Ulinzi, maana Kambi Rasmi ya Upinzani haipo. Yaani siku ya bajeti ya ulinzi, hotuba mbadala haisomwi kabisa. Nani aulize?

Majirani nao wana yao. Mwaka 2011 Uganda ilinunua ndege za kivita sita za Sukhoi, na ununuzi ule ukagharimu takribani dola milioni 740. Fedha zilitoka Benki Kuu kwanza, Bunge likaombwa baraka baadaye. Ukishalipa, mbunge anaidhinisha nini? Risiti?

Lakini makamanda, kuna jambo la mizinga linaloniuma kuliko bei, na hili halisemwi na wapenda silaha wala wapenda zahanati. Mzinga ukichakaa hauui mtu, unakuwa chuma chakavu. Kombora lake likichakaa linaua.

Aprili 29, 2009, Mbagala. Maghala ya kambi ya jeshi yalilipuka mchana, makombora yakaruka hadi kwenye nyumba za watu. Walikufa zaidi ya 20. Malalamiko ya fidia yakadumu miaka. Tukaambiwa haitatokea tena. Februari 16, 2011, usiku, Gongo la Mboto. Tena zaidi ya 20 wakafa, Uwanja wa Uhuru ukajaa waliokimbia, wazazi wakatafuta watoto siku kadhaa, uwanja wa ndege wa Julius Nyerere ukafungwa kwa muda. Miezi haikufika hata 22 kati ya msiba mmoja na mwingine. Wapo waliodai waziri ajiuzulu. Hakujiuzulu. Ripoti ya uchunguzi wa Mbagala wewe umewahi kuisoma? Mimi sijawahi.

Sasa unganisha hayo na mizinga mipya. Mizinga mingi tuliyorithi kutoka Urusi na China ni ya milimita 122 na 130. Hii mipya inayosifiwa kijiweni ni ya 155. Kombora la moja haliingii kwenye nyingine. Siku utakayobadilisha mizinga, mlima mzima wa makombora ya zamani unabaki bila kazi ghalani, ukizeeka, kemikali zake zikichoka mwaka hadi mwaka. Ama uyateketeze kitaalamu, kazi yenye gharama zake, ama uyaache na kuomba Mungu. Kwa hiyo bei ya mzinga mpya ina sehemu ya pili ambayo muuzaji hataiandika kwenye mkataba: kuzika makombora ya mzinga wa zamani na kujenga maghala salama kwa ya mpya. Swali la Mbagala ni swali la ununuzi.

Na sisi wa Dodoma tulisikilize hili kwa masikio mawili. Mji umekuwa jiji tangu 2018, Serikali imehamia, Makao Makuu ya Ulinzi yamekuja Kikombo, Makutupora ipo miaka yote. Viwanja vinapimwa kila upande, nyumba zinasogea, maana watu lazima walale mahali. Mbagala nayo ilianza hivyo hivyo, kambi ilikuwa porini, mji ukaifuata. Sitaki kuambiwa ghala liko wapi wala lina nini. Nataka kujua kitu kimoja: je, yupo mtu huru, asiye chini ya amri ya mwenye ghala, aliyelikagua na kusema liko mbali vya kutosha na nyumba za watu?

Sasa tunataka nini? Kulalamika bila kusema unachotaka ni kupiga baruti hewani. Mapendekezo yangu ni manne, na chama kinaweza kuyabeba kwenye ilani.

Kwanza, kila mkataba wa silaha unaozidi kiwango fulani usisainiwe kabla ya kupita Kamati ya Bunge inayosimamia Ulinzi. Kikao kiwe cha faragha, simu ziachwe mlangoni, hilo sawa, lakini mkataba wenyewe usomwe, siyo muhtasari. Ujerumani wanafanya hivyo: mkataba wowote wa kijeshi unaozidi euro milioni 25 lazima uende kwenye kamati ya bajeti ya bunge lao. Mwaka 2023 walipotaka mizinga 10 ya PzH 2000 kuziba pengo la iliyopelekwa Ukraine, ilipitia huko huko. Jeshi lao halikuanguka kwa sababu wabunge waliona bei.

Pili, marufuku ya dalali. Serikali inunue kwa serikali au kwa kiwanda moja kwa moja, na muuzaji asaini tamko la kila malipo aliyomfanyia mtu yeyote kuhusiana na biashara hiyo. Akidanganya, mkataba unakufa na fedha inarudi. Sheria ya Ununuzi wa Umma imekuwa ikiruhusu vyombo vya ulinzi kuwa na orodha mbili, ya wazi na ya siri. Sawa, orodha ya siri ibaki, ila isiwe kichaka. Magodoro ya askari na matairi ya malori hayana siri yoyote.

Tatu, CAG afike hadi mwisho. Katiba, ibara ya 143, inampa mamlaka juu ya fedha zote za umma, haikuandika isipokuwa za mizinga. Sehemu nyeti ziende kwa Kamati peke yake, na muhtasari wa kiasi na kasoro utolewe kwa wananchi.

Nne, hakuna silaha mpya bila mpango wa silaha ya zamani. Kila ombi la kununua liambatane na gharama ya maisha yake yote: makombora, vipuri, mafunzo, ghala, na uteketezaji. Na ukaguzi wa maghala ufanywe kila mwaka, kukiwa na eneo la usalama ambalo halmashauri hairuhusiwi kugawa hata kiwanja kimoja. Waliomo tayari walipwe fidia ya kuwahamisha wakiwa hai, isiwe rambirambi.

Najua kitakachofuata. Kuna watakaosema vijana wa upinzani wanalichokonoa jeshi, na kuna atakayenitajia Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970. Nimjibu mapema: kila nilichoandika hapa kimeshatangazwa na wauzaji, mahakama, magazeti na serikali zenyewe. Sina siri hata moja mfukoni. Na mtu wa kwanza kunufaika na haya siyo mimi mwanasiasa, ni koplo aliyeko mpakani. Mzinga ulionunuliwa kwa bei ya kupigwa ni mzinga mmoja pale pesa ilipotosha miwili. Dalali akichukua chake, kinachopungua ni vipuri, ni makombora ya mazoezi, ni rada ya kumwonyesha adui anapigia wapi. Yeye anakuwa amejenga ghorofa, koplo anakuwa amebaki na mzinga usio na tairi ya akiba.

Kwa wenzangu wa kijiweni mnaotaka tununue kesho: sawa, ila ulizeni bei kabla hamjashangilia gwaride. Kwa mnaotaka zahanati: zahanati ya Mbagala haikuzuia makombora kuanguka, kwa hiyo msiseme mambo ya jeshi hayawahusu.

Msimu huu wa bajeti wabunge wako kila kona ya jiji hili, kwenye nyama choma, hotelini, hadi kanisani na msikitini. Hawana ulinzi wa kutisha, wanasalimika. Ukimkuta wako, mwamkie kwa heshima, halafu muulize mawili tu: mara ya mwisho Kamati ilisoma lini mkataba mzima wa silaha, na maghala yalikaguliwa lini na nani? Akikujibu, tuandikie hapa. Akikwambia ni siri, tuandikie pia, pamoja na jina la jimbo lake. Uchaguzi ukifika, atazihitaji kura za jimbo hilo.